Wingu Halina Kifusi

Agosti 2015, kwenye maonyesho ya Gamescom mjini Cologne, Microsoft iliwaonyesha watu jiji likibomoka. Lilikuwa jiji la gemu iitwayo Crackdown 3, na namna lilivyobomoka ndiyo iliyowaacha watu midomo wazi. Mchezaji aliupiga ukuta risasi, ukuta ukatoboka pale pale risasi ilipogonga. Akaendelea kupiga, tundu likawa dirisha, dirisha likawa mlango. Mwishowe akaikata miguu ya ghorofa, ghorofa nzima ikainama na kumwangukia jirani yake, naye jirani akaanza kuvunjika. Vipande havikuyeyuka hewani kama tulivyozoea kwenye gemu nyingine, ambako gari likilipuka unageuka kidogo, ukirudi hulioni tena. Kila kipande kilikuwa kinahesabiwa.

Siri yake, tukaambiwa, ni wingu. Mashine iliyo sebuleni ikizidiwa na hesabu za jengo linaloanguka, seva za mbali zingeingia kazini: moja ikichoka, inaongezwa ya pili, halafu ya tatu. Ilisemekana nguvu hiyo ingefika mara 20 ya Xbox One moja. Miaka miwili kabla ya hapo, Mei 2013, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeitambulisha Xbox One kwa kujivunia seva 300,000. Crackdown 3 ndiyo ingetuonyesha seva hizo ni za kazi gani.

Gemu yenyewe ilitoka tarehe 15 Februari 2019, baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Hadithi yake kuu, ile ya kuzurura katika jiji la New Providence ukiwa na sura na sauti ya Terry Crews, haikuwa na ubomoaji ule hata kidogo. Ubomoaji ulikuwa umewekwa kando, katika sehemu ya wachezaji wengi iliyoitwa Wrecking Zone: timu mbili za watu watano watano, viwanja vitatu, aina mbili za mashindano. Wahakiki wengi waliipa alama za wastani, wakaendelea na maisha yao.

Mimi sijaendelea. Nimeicheza hadithi kuu hadi mwisho, na Wrecking Zone nimeicheza Nairobi kwa rafiki mwenye faiba, na kila nikirudi hapa Sironga, nje kidogo ya mji wa Nyamira, naikuta gemu hii bado ina swali kichwani mwangu. Watu wamezoea kusema kwamba Crackdown 3 ilishindwa kwa sababu teknolojia ilikuwa changa. Sikubaliani nao. Hesabu za kubomoa zilifanya kazi. Kilichokosekana ni sababu ya mtu yeyote kujali kilichobomoka. Na ukiliangalia jambo hili kutoka mahali ambapo matofali yanafinyangwa kwa mkono na kuchomwa kando ya shamba la chai, kasoro hiyo unaiona haraka sana.

Hebu kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana neno "wingu" linaficha mengi. Jengo la gemu, kwa kawaida, ni picha tupu yenye ngozi ngumu. Ukitaka livunjike, lazima kwanza liwe na vipande ndani yake. Vipande hivyo vikiachana, kompyuta inauliza maswali yale yale mara nyingi kwa sekunde: hiki kinagusana na nani, kinasukumwa upande gani, kinasimama au bado kinabingirika? Vipande kumi si kitu. Vipande elfu kumi vilivyolaliana ni balaa, kwa sababu kila kimoja kinamuuliza jirani yake, na jirani anamuuliza wa kwake. Ndiyo maana gemu nyingi hudanganya: zinakupa mlipuko, vumbi, vipande vichache vya mapambo, halafu zinavifuta kimyakimya.

Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke mbali. Seva imeshajua kila kipande kiko wapi, lakini wewe unayetazama kioo hujajua. Lazima uambiwe. Tuseme kila kipande kinahitaji baiti 20 kueleza mahali kilipo na kimegeukia wapi. Vipande 10,000, mara 30 kwa sekunde: hizo ni megabaiti 6 kila sekunde. Ghorofa ikianguka kwa sekunde kumi, umekula megabaiti 60 kwa kutazama tu vumbi likitua. Ukicheza saa nzima namna hiyo, ni zaidi ya gigabaiti 21. Bila shaka wahandisi wana mbinu zao: wanabana data, wanakaa kimya kuhusu vipande vilivyolala, wanatuma kinachosogea tu. Lakini mbinu hizo zote ni za kupunguza deni. Deni lenyewe liko pale pale, na mtu anayenunua bando la siku anajua maana ya deni la aina hiyo.

Kuna njia ya pili, na wachezaji wa bao wataielewa mara moja. Ukicheza bao na mtu aliye mbali, huna haja ya kumtajia kila kete iliko. Unamwambia tu umeanzia shimo gani, unaelekea upande gani. Yeye anazisambaza kete kwenye ubao wake, wewe kwenye wako, na mkimaliza mbao mbili zinafanana. Majirani zetu Waluo wenye ajua yao watakuambia vivyo hivyo. Kompyuta pia zinaweza kufanya hivyo: zikitumiana amri tu, "bomu limelipuka hapa", kila moja inabomoa jengo lake mwenyewe. Shida ni kwamba lazima zihesabu sawasawa hadi desimali ya mwisho. Mtu akikosea kete moja tu, baada ya mizunguko miwili mbao zenu ni za michezo tofauti. Kwenye gemu, ukuta umeanguka kwangu na kwako bado umesimama, umejificha nyuma yake, nami nakuona waziwazi. Hapo hakuna mchezo tena, kuna ugomvi.

Wrecking Zone ilichagua kuwa na mwamuzi mmoja: seva za Azure zinaamua ukuta umeanguka au la, na wachezaji wote kumi wanaona kifusi kimoja. Kwa upande wa uhandisi, hilo si jambo dogo, na sitaki kulipuuza. Programu iliyoonyeshwa mwaka 2015 ilijengwa na Cloudgine, kampuni ya Edinburgh iliyohusishwa na Dave Jones, mtu aliyetuletea Lemmings na mwanzo wa Grand Theft Auto. Kwa ubora wa kazi yao, Epic Games waliinunua kampuni hiyo Januari 2018, mwaka mmoja kabla gemu haijatoka, na waliobaki wakiikamilisha gemu ni watu wengine. Kwa hiyo aliyeota ndoto na aliyeiamkia hawakuwa mtu mmoja. Labda hilo linaeleza kwa nini kitu kilichofika sokoni kilionekana kama jibu la swali ambalo hakuna aliyekumbuka kuliuliza.

Halafu kuna umbali. Watu wa matangazo hupenda kusema wingu liko kila mahali. Wingu ni nyumba. Ina mlango, ina mlinzi, ina bili ya stima, na iko mahali fulani kwenye ramani. Siku Crackdown 3 ilipotoka, Microsoft haikuwa na kituo hata kimoja cha Azure katika bara zima la Afrika. Vya Johannesburg na Cape Town vilifunguliwa tarehe 6 Machi 2019, chini ya wiki tatu baadaye. Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,900 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni milisekunde 29, hata kama kila kitu njiani ni kizuri kupindukia na waya haupindi kona hata moja. Nairobi hadi London ni kilomita 6,800, yaani milisekunde 68. Gemu inayokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde ina milisekunde 16.7 tu za kuchora kila picha. Kwa hiyo, kabla seva haijaanza hata kufikiri, kioo chako kimeshachora picha nne kikisubiri habari za London.

Sisemi hivi kulalamika. Ni mwendo wa mwanga, na mwanga hauna ofisi ya malalamiko. Waya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, tulitoka kwenye satelaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako neno lako moja lilichukua nusu sekunde kwenda na kujibiwa. Tumepiga hatua. Lakini ukisikia mtu anasema "tutaongeza seva", jua kwamba seva zinaongeza nguvu tu, ukaribu haziongezi. Ukuta ukitaka kujua kama umevunjika, lazima ukaulize safari ndefu, halafu usubiri jibu. Waundaji wa gemu hulifunika pengo hilo kwa moto na vumbi: mlipuko unaanza hapo hapo kwenye mashine yako, na wewe ukishangilia cheche, jibu la kweli liko njiani linakuja.

Na hapa kwetu kuna jambo jingine. Kibanda cha gemu cha sokoni, kile ambacho vijana hulipia mechi moja moja na aliyeshindwa anampisha mwenzake, kinahitaji kitu kimoja tu: stima. Ikipotea, watu wanatoka nje, wananunua ndizi, wanabishana kuhusu goli, ikirudi wanaingia. Gemu iliyo kwenye mashine inamngoja mwenyewe. Gemu iliyo kwenye wingu inahitaji stima ya hapa, stima ya kule, na waya mzima katikati, vyote kwa wakati mmoja. "Hii gemu yako ni kama kuombewa sufuria na jirani kila ukitaka kupika," kijana mmoja wa kibandani aliniambia nilipomweleza. "Si ununue sufuria tu, mwalimu?"

Sufuria zipo, na zilikuwepo kabla ya wingu. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama.

Mwaka 2009, miaka kumi kabla ya Crackdown 3, kampuni ya Volition ya Marekani ilitoa Red Faction: Guerrilla. Mchezo uko kwenye sayari ya Mihiri. Wewe ni Alec Mason, mhandisi wa migodi, na silaha yako kuu ni nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Kila jengo linavunjika, na hesabu yote inafanyika ndani ya mashine yako, mashine za wakati ule zenye nguvu ndogo kabisa ukilinganisha na za leo. Tena hesabu yake ni ya aina ambayo fundi anaiheshimu: gemu inajua uzito. Inauliza kila mara kama nguzo zilizobaki zinaweza kubeba paa lililo juu yake. Watengenezaji wake wamesimulia kwamba majengo ya mwanzo yaliyochorwa na wasanii yalikuwa yakianguka yenyewe mara tu fizikia ilipowashwa, ikabidi wasanii wajifunze kujenga kama watu wanaojenga kweli.

Lakini kilichonishika zaidi ni kifusi. Katika Red Faction kifusi ni mshahara. Ukibomoa jengo la wanajeshi wanaokandamiza wachimba migodi, unaokota vyuma kwenye mabaki yake, na vyuma hivyo ndivyo unavyonunulia zana. Kila jengo lao likianguka, mshiko wao juu ya eneo lile unalegea. Ukiua raia, moyo wa watu unashuka. Kwa hiyo kabla hujainua nyundo, unafikiri: nani yuko ndani, nini kitabaki, nitapata nini, nitapoteza nini. Hiyo ndiyo fizikia ninayoitaka mimi. Mwendo wa kipande hewani ni nusu yake tu. Nusu ya pili ni kile kipande kinachobadilisha kikishatua.

Mfano wa pili ni Teardown, gemu ya Wasweden wa Tuxedo Labs, iliyoanza kuuzwa ikiwa bado inajengwa Oktoba 2020 na kukamilika Aprili 2022. Dunia yake yote imetengenezwa kwa vokseli, vijiboksi vidogo vidogo kama punje, na karibu kila kitu kinavunjika, pia ndani ya mashine yako mwenyewe. Hadithi ni ya mwenye kampuni ndogo ya kubomoa, amelemewa na madeni, anakubali kazi za wizi. Kazi nyingi zinakwenda hivi: una muda wote unaotaka kutoboa kuta, kupanga magari, kutandika mbao, kujitengenezea njia. Ukigusa kitu cha kwanza chenye king'ora, unabaki na sekunde 60. Kila tundu ulilotoboa sasa linakuokoa au linakuhukumu.

Nilimwonyesha Teardown fundi mmoja jirani yangu, mtu ambaye nyumba zake za matofali ya kuchoma utaziona ukishuka tu kutoka barabarani. Alitazama kimya nikikata kuta za nyumba ya chini moja baada ya nyingine, hadi ghorofa ya juu ikabaki inaning'inia kwenye kipande kimoja cha kona.

"Mwalimu, hii nyumba imeshikwa na nini?"

"Na hicho kipande hapo kwa kona, fundi."

"Hiki kama kijiti cha kiberiti?"

"Hicho hicho."

Akacheka hadi akaweka kikombe chini. "Basi huyu aliyetengeneza hajawahi kubeba jiwe kichwani."

Ana haki. Teardown haijui uzito wa nyumba. Kitu kikiwa bado kimeunganishwa, hata kwa uzi, kinasimama. Kwa jicho la fundi hiyo ni fizikia ya uongo. Nilipomwekea Red Faction akakata nguzo za chini na paa likaanza kulia kabla ya kushuka, alisema neno moja tu: "Hapo." Lakini, na hili ndilo nililomweleza baadaye, Teardown na uongo wake bado inanifanya nikumbuke kila tundu nililotoboa. Wrecking Zone, yenye fizikia sahihi kuliko hiyo na seva za kutosha mji mzima, sikumbuki ukuta wake hata mmoja.

Kwa nini? Kwa sababu katika Wrecking Zone ukuta hauna kazi. Wachezaji wanaruka juu sana, silaha zinamshika adui zenyewe, na mapigano yanakwenda hewani. Ukuta ukiwepo, unauzunguka, usipokuwepo, unapita. Majengo ni maganda, hayana kitanda, hayana jiko, hayana mtu. Raundi ikiisha, jiji linarudi zima kama halikuguswa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inaeleweka kwa sababu anayejenga ukuta ana mikono, ana gharama, ana msimu wa mvua unaomkimbiza. Pale hakuna ufa wa kuziba wala ukuta wa kujenga upya. Anayebomoa hadaiwi kitu.

Najua atakayenijibu. Atasema tatizo si wingu, ni gemu moja mbaya. Na atanitajia The Finals, ya Embark Studios ya Stockholm, iliyotoka Desemba 2023. Ni kweli, na nampa haki yake. The Finals nayo inaupeleka ubomoaji kwenye seva ili wachezaji wote waone ukuta ule ule ukianguka kwa wakati ule ule. Lakini angalia walichofanya na nguvu hiyo. Timu za watu watatu watatu zinagombania sanduku la pesa. Sanduku limewekwa ghorofa ya pili, adui wamejaza mlango. Wewe huendi mlangoni. Unashuka chini, unalipua dari juu ya kichwa chako, na mashine ya pesa inaanguka miguuni pako pamoja na sakafu yake. Hapo sakafu imekuwa na maana. Kila mtu uwanjani amejifunza kuitazama sakafu kama kitu kinachoweza kumsaliti.

Kwa hiyo mfano huo unanisaidia kuliko unavyonipinga. Volition na Tuxedo Labs walitumia mashine ndogo kwa akili, Embark wakatumia wingu kwa akili, na wote watatu walianza na swali moja: mtu atafanya nini na kitu kilichovunjika? Crackdown 3 ilianza na idadi ya seva. Ilikuwa tangazo la biashara lililovishwa nguo za gemu, na tangazo likishaisha, nguo zilibaki hazina mwili.

Naona ni vyema kusema pia kwa nini jambo hili linanigusa kuliko linavyopaswa kumgusa mtu anayeandika kuhusu michezo. Sisi Wakenya tunakijua kifusi. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, jengo la Ufundi lililokuwa kando yake liliporomoka lote. Waliokufa Nairobi siku ile walikuwa zaidi ya 200. Waliokuwa na redio siku zile wanakumbuka nchi nzima ikisubiri habari za waliokwama chini, wengine wakisikika lakini hawafikiki. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, watu zaidi ya 50 wakafa, na waokoaji wakaendelea kuchimbua kwa siku nyingi. Kwetu neno "kifusi" linakuja na swali lake: kuna mtu ndani?

Sidai kila gemu iwe msiba. Watoto wana haki ya kubomoa, na raha ya kubomoa ni ya kweli. Mtazame mtoto aliyejenga mnara wa vifuniko vya soda. Ninachosema ni kwamba msanii akichukua jengo linaloanguka na kulifanya burudani, amechukua kitu chenye kumbukumbu. Anaweza kuiheshimu kumbukumbu hiyo hata kwa kucheka, kama Red Faction inavyokufanya ufikirie raia kabla ya kupiga nyundo. Au anaweza kutupa majengo matupu, yaliyotolewa watu mapema ili asiulizwe. Crackdown 3 ilichagua majengo matupu. Kwa nguvu zile zote za kompyuta, haikuthubutu kuweka hata mtu mmoja dirishani.

Na kuna kumbukumbu ya aina nyingine, ya gemu yenyewe. Red Faction: Guerrilla ninayo kwenye diski. Diski ikiwa salama na mashine ikiwa hai, mpwa wangu ataicheza nikiwa mzee. Sehemu ya gemu inayoishi kwenye seva haina ahadi hiyo. Tarehe 31 Machi 2024, Ubisoft walizima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, na walioilipia hawakuweza tena kuicheza hata peke yao nyumbani. Hakukuwa na mlipuko, hakukuwa na vumbi. Dunia nzima ya barabara ilitoweka kwa kubofya kitufe. Huo nao ni ubomoaji, na ni mkamilifu kuliko wote niliowahi kuuona, maana haukuacha hata kokoto ya kuokota.

Sasa wingu linasemekana linakuja karibu. Mei 2024 Microsoft pamoja na G42 ya Falme za Kiarabu walitangaza mpango wa dola bilioni 1 nchini Kenya, ukiwemo ujenzi wa kituo cha data Olkaria, kitakachoendeshwa kwa mvuke wa ardhini. Kutoka hapa Sironga hadi Olkaria ni kama kilomita 160 kwa mstari ulionyooka. Mwanga huenda na kurudi umbali huo kwa milisekunde 1.6. Kituo kikisimama na waya zikanyooka, kisingizio cha umbali kitakufa, na kijana wa kibandani ataweza kuazima sufuria kubwa kuliko zote, tena kutoka kwa jirani wa karibu.

Ndiyo maana nataka tulijadili swali hili mapema, kabla matangazo hayajatufikia na tarakimu zake. Kuna vijana Nairobi wanaotengeneza gemu. Mwaka 2015 tulipata Nairobi X, ya Andrew Kaggia na wenzake, ambamo jiji letu lenyewe linavamiwa na viumbe kutoka anga. Siku moja mmoja wao atapewa seva nyingi, bei nafuu, na ataambiwa abomoe jiji. Akija kuniuliza, nitamwambia ampe kwanza kazi fundi wangu hapa Sironga. Amwonyeshe jengo lake, kabla hajaandika mstari hata mmoja wa programu, na amwache aulize maswali yake ya kawaida: hii imeshikwa na nini, nani analala hapa, na ikianguka, mawe haya atayaondoa nani?